Asiyesikia la Mkuu, na Mkuu Asiyesema

Wahenga wetu walituachia kauli fupi ambayo kila mtoto wa Visiwa hivi huisikia kabla hajajua kusoma: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa miaka mingi tumeitumia kauli hiyo kama fimbo ya kuwaonyea watoto, na aghlabu tumeitumia sisi wakubwa dhidi yao wadogo. Haikutupitikia hata mara moja kwamba ingekuja siku ya kutuhukumu sisi wenyewe.

Siku hiyo imefika. Katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Kusini Unguja, ambacho hatutakitaja kwa jina ili kuwasitiri wenyewe, kijana mwenye umri wa miaka 19, akiendesha pikipiki kwa mwendo wa kasi, alimgonga bibi aliyekuwa akivuka barabara kutoka pwani na mzigo wake wa mwani kichwani. Kijana alichunika viwiko na magoti. Bibi alivunjika mguu. Aliyevunjika guu, basi, si yule asiyesikia. Ni mkuu mwenyewe.

Tulifika kijijini hapo siku chache baada ya ajali, tukakaa barazani na wazee, tukamtembelea bibi kitandani mwake. Tuliyoyaona na kuyasikia yametufanya tuone kwamba jambo hili haliwezi kumalizwa kwa kuwalaani vijana gazetini, kama ilivyo desturi yetu, kisha tukafunga ukurasa. Ndiyo maana leo tunaomba ruhusa ya wasomaji wetu, na hasa ya viongozi wetu Serikalini, tulizungumze kwa urefu.

Hali ilivyo barabarani

Kila mwenye macho anaijua hali ilivyo. Jua linapoanza kupoa, baada ya Sala ya Alasiri, barabara zetu hugeuka viwanja vya mashindano. Vijana hunyanyua tairi la mbele na kwenda kwa tairi moja. Wengine hulala kifudifudi juu ya tangi la mafuta ili upepo usiwazuie. Wengine hutoboa mabomba ya moshi makusudi ili ngurumo yao isikike mtaa wa pili. Dereva wa gari ya abiria humkimbiza mwenzake kumuwania abiria mmoja aliyesimama chini ya mwembe, ilhali ndani ya gari yake wamo abiria ishirini ambao roho zao hazikuwa sehemu ya mashindano hayo. Watoto wa skuli hupanga mstari pembezoni mwa lami, na kila chombo kinapopita sare zao hupepea kama bendera.

Msiba huu si wetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walipoteza maisha yao duniani kwa ajali za barabarani. Katika kila vifo 100 vya namna hiyo, 92 hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ambazo ndizo nchi kama yetu. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni wale wasio na bati la kuwakinga: waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Na jambo linalopasa kumkosesha usingizi kila mzazi ni hili: kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna maradhi yoyote, yawe malaria au mengineyo, yanayoua kuliko barabara.

Lipo pia somo la hesabu ambalo tulifundishwa skuli na ambalo barabara hulisahihisha kwa damu. Chombo kinachokwenda kilomita 40 kwa saa hukata mita 11 kwa kila sekunde moja. Kikienda kilomita 80 kwa saa, hukata mita 22. Mtu akitokea ghafla mbele ya dereva, dereva huhitaji takriban sekunde moja kuona, kutambua na kukanyaga breki, na muda huo wote chombo kinaendelea na safari yake kama kwamba hakuna kilichotokea. Baada ya hapo breki huanza kazi. Lakini nguvu inayotakiwa kuzuiwa haikuongezeka mara mbili pale mwendo ulipoongezeka mara mbili, bali imeongezeka mara nne. Hivyo yule wa kilomita 40 husimama ndani ya mita 20 hivi, katika lami kavu. Yule wa kilomita 80 hasimami kabla ya kupita mita 50. Bibi aliyetokea pwani na mwani wake alikuwa ndani ya zile mita 30 zilizobaki kati yao.

Matuta ya Jozani

Wazee wa kijiji kile walikutana baada ya Sala ya Ijumaa, mbele ya sheha wao, na hoja iliyoletwa ilikuwa moja tu: kuiomba Serikali iwajengee matuta. Hoja hiyo ni ya haki, nasi tunaiunga mkono. Wala si jambo geni katika mkoa huo. Atokaye mjini kwenda Paje au Makunduchi hupita kando ya msitu wa Jozani, na hapo hukutana na matuta na vibao vya kumtahadharisha dereva kwamba wapo kima punju wanaovuka. Kima huyo hapatikani popote duniani ila katika Visiwa vyetu. Katika miaka ya 1990, barabara ile ilipotiwa lami nzuri na magari yakapata mbio, kima wakawa wanagongwa mara kwa mara. Matuta yalipojengwa, wataalamu waliokuwa wakiwahesabu waliona vifo vimepungua, ingawa havikumalizika.

Tunalieleza hili kwa sababu mbili. Kwanza, linathibitisha kwamba tuta husaidia, na anayesema kuwa matuta ni kero tu hajui anachokisema. Pili, linatufanya tujiulize swali zito. Kima tulimjengea tuta kwa kuwa hakuna lugha tunayoweza kumfahamisha yeye hatari ya lami, wala hatukuweza kumsimamisha na kumuusia kila dereva mgeni apitaye msituni. Je, huyu kijana wa kijijini, ambaye tunamjua jina lake na la babu yake, ambaye tulihudhuria akika yake na tutahudhuria harusi yake, naye pia tumefika naye mahali ambapo hakuna lugha iliyobaki kati yetu isipokuwa saruji?

Kila tuta tunaloliomba kijijini, pamoja na faida yake, ni ungamo. Tunaungama kwamba neno letu halimfikii tena yule tuliyemzaa.

Swali la kijana

Katika mkutano ule wazee walisema mengi. Walisema vijana wa leo hawana adabu. Walisema simu zimewaharibu, na mpira wa Ulaya umewaharibu, na watalii wamewaharibu. Mmoja kati yao, mtu mwenye heshima zake, alisema kwa ukali kuliko wote kwamba vijana wa aina hiyo wanastahili kufungwa ili wawe funzo kwa wengine.

Ndipo aliposimama kijana mmoja, siye yule aliyegonga bali rafiki yake, akatoa shikamoo kwa wote, akasema: "Wazee wangu, nakuombeni radhi kabla sijafungua mdomo. Mwenzetu amekosa, na mwenyewe anajua amekosa. Lakini naomba niulize jambo moja. Ile pikipiki ni ya nani?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu kila mmoja alikuwa anajua. Pikipiki ilikuwa ya yule mzee aliyesema kwa ukali.

Kijana akaendelea, kwa sauti ya chini na macho yake yakiwa mkekani: "Kila jioni tajiri anataka hesabu yake. Ikitimia, hasemi kitu. Isipotimia, anasema kesho ataitoa pikipiki kwa mwengine. Hata siku moja hakumuuliza, mwanangu umekwendaje leo, umekula? Anauliza, imetimia?"

Tulikuwepo pale, na tunakiri kwamba tuliona haya kwa niaba ya umri wetu.

Wale wasioujua utaratibu huu tuwafafanulie. Vijana wengi wanaoendesha bodaboda, na madereva wengi wa gari za abiria, si wenye vyombo. Mwenye chombo ni mtu mzima: mfanyabiashara, mtumishi wa Serikali, mwalimu, au mzee aliyepata kiinua mgongo chake. Kijana hukabidhiwa chombo, na kila siku hutakiwa kupeleka kiasi kilichokubaliwa. Mafuta ni juu yake, tairi likipasuka aghlabu ni juu yake, na kinachobaki ndicho chake. Tuchukue mfano kwamba hesabu ni shilingi 10,000 na mafuta ni shilingi 6,000. Kijana huyo huanza siku akiwa na deni la shilingi 16,000, na kila abiria anayempakia mpaka adhuhuri si wake. Riziki yake huanza pale wenzake wanapokwenda kupumzika. Basi akimuona abiria mbele, na mwenzake naye amemuona, atafanya nini? Mkono unaovuta moto ni wa kijana, lakini anayemhimiza yuko nyumbani kwake, amejinyoosha kwenye mkeka, anangojea jioni.

Hatusemi haya ili kumtoa kijana katika dhima. Mwenye akili timamu aliyeshika usukani ana dhima mbele ya sheria na mbele ya Mola wake, na umaskini haukumpa mtu yeyote ruhusa ya kumuua jirani. Wala si wote wanaokimbizwa na hesabu. Wapo wanaokimbia kwa ulevi wa sifa tu. Tunalosema ni kwamba sisi tulio wakubwa tumezoea kusimama pembeni ya barabara kama mashahidi, kumbe sisi ni washirika.

Zamani na leo

Tulipomtembelea bibi tulimkuta kitandani, mguu wake umo ndani ya plasta, tasbihi mkononi. Tulimuuliza anataka kijana afanywe nini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema maneno ambayo tunayaweka hapa kama alivyoyasema:

"Nimemuona akipita vile tangu mwezi wa Ramadhani. Kila akipita nikisema moyoni, huyu atakuja kuua mtu. Sikumwita. Nikiogopa asije akanijibu vibaya, na mama yake asije akanambia nimuache mtoto wake. Mama yake huyo, alipokuwa mdogo, nilimchapa mimi kwa kukimbia barabarani, na bibi yake akaja kunishukuru."

Katika maneno hayo machache imo historia ya vizazi vitatu. Kizazi cha kwanza kilimrudi mtoto wa jirani na kikashukuriwa. Kizazi cha pili kilirudiwa na kikanyooka, lakini kilipopata watoto wake kikasema, mtoto wangu asiguswe. Kizazi cha tatu hakijawahi kusikia neno la mtu mzima asiye mzazi wake, na ajabu ni kwamba tunakilaumu kwa kutojua kusikia.

Hatudai kwamba zamani ilikuwa pepo. Ilikuwa na bakora zilizozidi kiasi, na ilikuwa na watoto wengi waliokuwa na la kusema wasipate wa kuwasikiliza. Ukimya wa mdogo mbele ya mkubwa haukuwa adabu siku zote. Mara nyingine ulikuwa hofu tu. Lakini zamani ilikuwa na kitu kimoja ambacho tumekitupa bila ya kuweka kingine badala yake, nacho ni uanagenzi. Aliyetaka kuwa dereva wa gari za abiria zenye mabodi ya mbao alianza kwa kuwa utingo. Alipakia vikapu vya muhogo na madumu ya mafuta ya nazi, aliosha gari, alikaza nati, alilala chini ya injini na uso uliojaa grisi, na kwa miaka mingi hakuushika usukani ila kwa kuupangusa. Katika muda huo alikuwa akimtazama dereva wake: namna anavyopunguza mwendo kwenye kona, anavyomngojea bikizee apande, anavyosimama pindi jeneza linapopita. Siku alipokabidhiwa gari alikabidhiwa na tabia yake pia.

Leo kijana hujifunza pikipiki kwa jioni moja katika uwanja wa mpira, akifundishwa na mwenzake aliyejifunza wiki iliyopita. Asubuhi yake yumo barabarani na abiria nyuma.

Aidha, lazima tuzingatie kwamba nchi yenyewe imebadilika. Hesabu ya watu ya mwaka 1978 ilionyesha kwamba Zanzibar ina watu wapatao 476,000. Hesabu ya mwaka 2022 imeonyesha watu 1,889,773. Ardhi ni ile ile, na idadi imekaribia kuwa mara nne. Mitaa imeota mahali palipokuwa na mashamba ya mikarafuu na minazi, na wakaazi wake wametoka kila upande. Zamani mtu mzima alipomuona mtoto akifanya kosa aliweza kusema, huyu ni mtoto wa fulani. Leo anapita mbele yetu kijana kama mshale, na hatumjui ni wa nani. Ugeni huo unaeleza kwa nini tunanyamaza, lakini hautupi udhuru. Bibi wa kijiji kile alimjua kijana, alimjua mama yake na bibi yake, na bado alinyamaza.

Mkubwa naye huendeshaje?

Tungekuwa wanafiki tukimaliza hapa bila ya kuligusa jambo ambalo wananchi hulisema kwenye mabaraza na maskani, na ambalo yatupasa tuliseme kwa heshima zote. Vijana hawasikii tu, wanaona pia. Wanaona gari ya ofisi, namba yake inajulikana, ikipita mbele ya skuli kwa mwendo ambao bodaboda angekamatwa nao. Wanamuona mkubwa aliyechelewa kuondoka kwake akimuamuru dereva wake azitafute barabarani zile dakika alizozipoteza nyumbani. Wanamuona mzazi anayempa mtoto wa darasa la tisa ufunguo wa gari siku ya Sikukuu, kisha, mtoto akikamatwa, anapiga simu mbili na jambo linakwisha. Kijana maskini asiye na simu ya kupiga huyahesabu haya yote, na fundisho analolipata ni kwamba sheria ya barabarani ni ya wasio na mtu.

Sisi ni wana wa Chama, na tumefundishwa katika Chama kwamba kiongozi ni mtumishi na mfano. Kiongozi anayetaka kuona namna neno lake litakavyosikika kwa vijana wa jimbo lake na aanze na dereva wake mwenyewe. Amwambie, mwanangu, tumechelewa, na tutafika tumechelewa, lakini tutafika. Habari hiyo itasambaa mabarazani kabla ya hotuba yoyote.

Usia wa Luqman

Tulipokuwa wadogo chuoni, mwalimu wetu alitusomesha Sura ya Luqman, tukaihifadhi kwa sauti bila ya kuifahamu maana. Tulipokua tukaifahamu. Ni habari ya mzee mwenye hekima akimuusia mtoto wake. Baada ya kumfundisha kumjua Mola wake, kusali na kusubiri, anamkataza kuwapa watu shavu kwa kiburi na kwenda katika ardhi kwa maringo. Kisha anamuusia awe wa wastani katika mwendo wake na ateremshe sauti yake, kwani sauti inayochukiza kuliko zote ni ya punda. Mwendo wa wastani na sauti ya chini: usia huo ulikuwepo karne nyingi kabla ya pikipiki ya kwanza kuundwa, na bado kijana wa leo mwenye bomba la moshi lililotobolewa hatapata ulio karibu naye zaidi.

Lakini tuzingatie na namna usia wenyewe unavyotolewa. Luqman hamwiti mtoto wake mhuni. Hamtishi kwa jela. Anamwita kwa neno la mahaba, ewe mwanangu mpenzi, na analirejea tena na tena. Tena usia ule haukungoja ajali. Mzee yule alisema wakati mtoto bado yuko mbele yake anasikia, na alisema kwa neno ambalo mtoto anapenda kuitwa. Hapo ndipo tulipokosea sisi. Tunanyamaza mpaka mguu uvunjike, na tukifungua mdomo tunaanza kwa tusi.

Mtume wetu (S.A.W.) naye ametufundisha kwamba si katika sisi asiyemhurumia mdogo wetu na asiyemheshimu mkubwa wetu. Sisi wakubwa tumeikariri sana nusu ya pili ya mafundisho hayo. Nusu ya kwanza inatuhusu sisi, na ndiyo iliyotangulia. Akatufundisha pia kwamba kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Kama jiwe na mwiba vina hukumu hiyo, basi mwendo unaoua ni udhia mkubwa zaidi.

Tunayopendekeza

Hatukuandika haya ili tuishie kuhuzunika. Yapo mambo yanayowezekana, na mengi hayangojei bajeti.

Kwanza, matuta na yajengwe katika vijiji vyote ambavyo barabara kuu imepita katikati ya makaazi, na hasa mbele ya skuli, vituo vya afya na njia za kuelekea pwani. Yajengwe kwa kipimo, yapakwe rangi, na yatanguliwe na vibao. Tuta lisiloonekana usiku ni mtego.

Pili, wenye vyombo waingie katika dhima. Polisi wa Usalama Barabarani wanapomkamata kijana kwa mwendo wa kasi, aitwe na tajiri wake pia, aulizwe mbele ya sheha: hesabu yako ni kiasi gani, na umempa kijana huyu mapumziko gani? Mapatano ya hesabu yaandikwe, na yawe ya kiasi kinachomuwezesha mtu kula bila ya kukimbia. Ni bora hesabu ya shilingi chache inayofika kila siku kuliko pikipiki iliyo polisi na kijana aliyemo wodini.

Tatu, kofia ngumu. Utafiti umeonyesha kwamba kofia hiyo, ikivaliwa sawasawa na kufungwa, hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi, na hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi. Kuitundika kwenye usukani hakumkingi mtu ila na faini. Tajiri anayenunua pikipiki anunue na kofia mbili, ya dereva na ya abiria, na asiitoe pikipiki nyumbani mpaka zote mbili zipo.

Nne, uanagenzi urejeshwe kwa sura mpya. Umoja wa Vijana, maskani na vyama vya waendesha bodaboda vinaweza kukubaliana na Polisi kwamba hakuna anayepakia abiria kabla ya kufundishwa na kutahiniwa na mtu anayejua. Madereva wakongwe waliostaafu bado wamo mitaani mwetu, wanacheza bao na karata. Waombwe wafundishe. Wengi wao wanangojea kuombwa.

Tano, na hili halina gharama kabisa: kila shehia iweke siku moja kwa mwezi ambapo wazee na vijana watakaa baraza moja, na vijana wapewe nafasi ya kusema mwanzo. Tunasisitiza neno mwanzo. Mkutano ambao wazee huzungumza saa mbili na vijana huitwa kufunga dua umeshafanyika mara nyingi, na matunda yake tumeyaona.

Sita, wazazi. Mtoto aliyerejeshwa nyumbani na jirani kwa kosa asipokewe kwa kumtetea, na jirani asipokewe kwa kumshutumu. Mama mmoja akimwambia jirani yake ahsante, umenisaidia kulea, basi mtaa mzima hupata mlezi mmoja zaidi.

Neno la mwisho

Wasomaji watataka kujua mambo ya kijiji kile yameishia wapi. Kesi iko mikononi mwa vyombo vinavyohusika, nasi hatuna ruhusa ya kuiingilia. Ombi la matuta limepelekwa. Yule mzee mwenye pikipiki hakujibu siku ile. Aliinuka kabla ya mkutano kumalizika, na watu walidhani amekasirika. Tumepata habari baadaye kwamba alikwenda moja kwa moja kwa bibi, akakaa kizingitini kwa muda mrefu, na tangu siku hiyo gharama za matibabu amezichukua yeye.

Na bibi alituomba jambo moja tulipokuwa tukiaga. Alitaka kijana aletwe kwake. Jamaa zake hawakupenda, lakini alisisitiza, na akaletwa. Alisimama mlangoni na bandeji zake za viwiko, hakuthubutu kuingia. Bibi akamwambia aingie, akae. Kisha akamwambia: "Nimekuita nikwambie lile nililokuwa nikwambie tangu Ramadhani. Punguza mwendo, mjukuu wangu."

Neno hilo lilichelewa kwa mguu mmoja. Wako wengine Unguja na Pemba ambao leo jioni, baada ya Alasiri, watapita mbele ya mabaraza yetu kwa mwendo ule ule, na sisi tutakuwa tumekaa tukiwaona. Tuwaite kwa majina yao kabla hawajagonga mtu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo walivyosema wahenga. Lakini walichukulia kwamba mkuu amesema.